Kichezeo cha Hatari Kirudi Kilikotoka

Tuseme leo ni siku ya gulio. Umeamka alfajiri. Umepakia maharage yako kwenye baiskeli, ukayapeleka gulioni, na umeyauza vizuri. Umenunua chumvi, sabuni na mafuta ya kula. Fedha kidogo imebaki mfukoni. Unamkumbuka mtoto wako mdogo aliyebaki nyumbani.

Mbele yako mchuuzi ametandika turubai chini. Juu yake amepanga vitu vya rangi nyingi: magari madogo, midoli, mikufu, na simu za bandia zinazoimba na kuwaka taa. Bei si kubwa. Unachagua simu inayoimba, unalipa, unarudi nyumbani. Mtoto anaipokea kwa mikono miwili. Anacheka. Nawe unafurahi.

Kumpa mtoto kitu cha kuchezea ni jambo jema. Mtoto anayecheza anajifunza. Lakini baadhi ya vitu hivi vina hatari ndani yake, na hatari hiyo haionekani kwa haraka. Vipo vilivyoua watoto.

Katika somo hili, vitu vya kuchezea watoto tutaviita vichezeo. Tutajifunza mambo matatu. Kwanza, jinsi kichezeo cha hatari kinavyorudishwa kwa mwuzaji na kiwandani. Pili, jinsi ya kukitambua kabla hakijamwumiza mtoto. Tatu, nini wewe unaweza kufanya hapa kijijini, uwe Kasulu au Kibondo.

KURUDISHA BIDHAA NI NINI?

Seremala wa kijijini akikosea, kiti kimoja kinavunjika. Kiwanda kikikosea, kosa moja linaingia katika vitu maelfu kwa maelfu. Vitu hivyo vinapakiwa melini na kusambazwa nchi nyingi. Kwa hiyo kosa la siku moja linaweza kufika katika nyumba milioni.

Kosa hilo likijulikana, kiwanda au serikali hutoa tangazo. Tangazo husema hivi: kitu chenye jina hili na namba hii ni cha hatari. Wauzaji, msikiuze. Wananchi, msikitumie. Kirudisheni mlikokinunua. Mtarudishiwa fedha zenu au mtapewa kingine kilicho salama. Kazi hiyo ndiyo inayoitwa kurudisha bidhaa.

Tutazame mfano wa kweli. Mattel ni kampuni kubwa ya vichezeo ya Marekani. Tarehe 2 Agosti 2007 kampuni hiyo ilitangaza kurudisha vichezeo karibu milioni 1.5 vilivyotengenezwa China. Rangi yake ilikuwa na madini ya risasi kupita kiasi kinachoruhusiwa. Siku 12 baadaye, tarehe 14 Agosti, ikatangaza kurudisha vingine kiasi cha milioni 18. Hivi vilikuwa na sumaku ndogo ambazo zingeweza kuchomoka na kumezwa na mtoto.

Unaona, basi, kwamba hata kampuni kubwa hukosea. Kampuni ikikosea na kusema, watoto wengi wanapona. Ikikosea na kunyamaza, watoto wanaumia.

Mfano mwingine ni wa hapa kwetu Afrika. Si wa kichezeo, ni wa dawa ya watoto, lakini njia ni ile ile. Mwezi Aprili 2024 wapimaji wa serikali ya Nigeria walisema wamekuta kemikali yenye sumu katika toleo moja la dawa ya kikohozi ya watoto iitwayo Benylin Paediatric. Toleo hilo lilikuwa na namba 329304. Nchi nyingine zilizopata habari zikachukua hatua, zikiwamo Kenya, Rwanda na Tanzania. Hapa kwetu Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, yaani TMDA, ilianza kuiondoa madukani. Kampuni yenye dawa hiyo ilisema kuwa vipimo vyake havikuona sumu. Hata hivyo dawa iliondolewa, maana afya ya mtoto haifanyiwi majaribio.

Angalia namba ile: 329304. Haikuwa dawa yote. Ilikuwa chupa zenye namba hiyo tu. Mzazi aliyejua kusoma namba aliweza kuichukua chupa yake, kuitazama, na kujua mara moja kama ni ile ya hatari au siyo. Hiyo ni faida moja ya kisomo.

TANGAZO LINAFIKAJE KIJIJINI?

Mtu aliyenunua kichezeo katika duka kubwa la mjini ana risiti. Ana boksi lenye jina na namba. Tangazo likitoka, anajua kitu chake na anajua pa kukirudisha.

Sasa fikiri juu ya simu ile ya gulioni. Mchuuzi hakukupa risiti. Boksi lilitupwa zamani. Leo mchuuzi yuko Kasulu, kesho kutwa yuko Kibondo, wiki ijayo yuko Mabamba karibu na mpaka wa Burundi. Kichezeo chenyewe kimepita mikono mingi kabla ya kufika kwako. Kimetoka kiwandani ng'ambo, kikaja bandarini, kikanunuliwa na mfanyabiashara mkubwa, kisha mdogo, kisha mchuuzi. Kingine huja kimechanganywa na mitumba, bila boksi na bila maelezo yoyote. Kitu kilichokatazwa katika nchi nyingine kinaweza kuja kwa njia hiyo, na hakuna atakayejua.

Kwa hiyo tangazo la kurudisha bidhaa linaweza kutolewa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa, na lisikufikie. Je, tukae tu? Hapana. Kama tangazo halikufiki, macho yako yawe tangazo. Kikague kichezeo wewe mwenyewe kabla ya kulipa. Na ukiona hatari, habari ianzie kwako iende kwa wakubwa.

HATARI TANO ZA KUTAFUTA

1. Vipande vidogo. Mtoto mdogo hujua vitu kwa kuvitia kinywani. Jicho la mdoli, gurudumu la gari, shanga, au kipande cha baluni kinaweza kuziba njia ya hewa. Mtoto akikosa hewa kwa dakika chache tu, anaweza kufa.

2. Betri ndogo za duara. Ni zile betri bapa kama kifungo, zinazotumika pia katika saa. Zimo katika vichezeo vinavyoimba, vinavyowaka taa, na hata katika viatu vya watoto vinavyometameta. Wengi wanadhani betri hii ni kipande kidogo tu cha chuma. Sivyo. Ikikwama kooni na kulowana, umeme wake hutengeneza kitu kikali kinachounguza nyama. Koo linaweza kuungua vibaya kwa muda wa saa 2 tu. Iliyo hatari kuliko zote ni ile pana kidogo, yenye maandishi CR2032 au namba nyingine inayoanza na CR20. Hata betri iliyokwisha nguvu, isiyowasha tena taa, bado inaweza kuunguza.

Huko Marekani mtoto wa miezi 18 alikufa mwaka 2020 baada ya kumeza betri ya namna hii. Mama yake hakunyamaza. Alidai sheria mpaka ikapatikana. Mwaka 2022 sheria ilitungwa, ikaamuru kwamba mahali pa betri hizo pafungwe kwa namna ambayo mtoto hawezi kupafungua.

3. Sumaku ndogo. Mtoto akimeza sumaku moja, huenda ikapita. Akimeza mbili, ni jambo jingine. Sumaku hizo huvutana ndani ya tumbo. Utumbo hubanwa katikati yake, na mwisho hutoboka. Mtoto huugua kama mwenye maumivu ya kawaida ya tumbo, kumbe yuko katika hatari kubwa.

4. Rangi yenye madini ya risasi. Hapa hatusemi risasi ya bunduki. Tunasema madini mazito ambayo zamani yalitiwa sana katika rangi. Mtoto akilamba rangi hiyo kila siku, sumu huingia katika damu kidogo kidogo. Inaharibu ubongo. Mtoto huwa mzito wa kujifunza, na madhara hayo hayaondoki. Huwezi kuiona risasi kwa macho. Lakini rangi inayobanduka, au inayobaki vidoleni ukiisugua, usimpe mtoto.

5. Kamba ndefu na ncha kali. Kamba ya kuvuta gari inaweza kumzonga mtoto mchanga shingoni. Bati na waya vinaweza kumkata au kumchoma jicho.

Usidhani vichezeo vya dukani tu ndivyo vyenye hatari. Watoto wetu hutengeneza magari ya waya, mipira ya matambara na wanasesere wa magunzi. Hivyo ni vizuri, nasi tulivichezea. Lakini kunja ncha za waya. Tena usiruhusu kamwe chupa au kopo la dawa ya mimea au dawa ya kuogea mifugo liwe kichezeo. Hata ukiliosha, sumu inaweza kubaki.

KIPIMO CHA KIZIBO CHA SODA

Watu wa viwango wana kipimo cha kupimia vipande vidogo. Ni kama kikombe chembamba chenye upana wa milimita 32 hivi. Kitu kinachoingia chote ndani yake hakifai kwa mtoto wa chini ya miaka 3.

Wewe huna kikombe hicho, lakini una kizibo cha soda. Upana wa kizibo cha soda cha bati ni karibu milimita 32 hizo hizo. Kiweke kizibo kando ya kipande unachokitilia shaka. Kama kipande ni sawa na kizibo au ni kidogo kuliko kizibo, mtoto wa chini ya miaka 3 asipewe. Na kizibo chenyewe je? Nacho ni hatari. Ukimaliza kupima, kiweke mbali.

Kisha fanya mambo haya matatu kabla ya kulipa:

Vuta. Vuta macho, magurudumu na vifungo. Kikichomoka kwako, kitachomoka kwa mtoto.

Sugua. Sugua rangi kwa kidole kilicholowa. Tazama kama inatoka.

Fungua. Tazama mahali pa betri. Kama pamefungwa kwa skrubu, ni afadhali. Kama pafunguka kwa ukucha tu, usinunue.

Mwisho, soma. Tafuta maandishi na alama. Iko alama ya duara yenye uso wa mtoto na namba 0-3, imekatwa kwa mstari. Maana yake ni kwamba kichezeo hicho hakifai kwa mtoto wa tangu kuzaliwa hadi miaka 3. Alama hiyo huhitaji kujua Kiingereza ili uielewe. Tazama pia jina la kiwanda, nchi, na namba ya toleo. Kitu kisicho na jina wala namba hakina mwenyewe. Kikileta madhara, utamwuliza nani?

MTOTO AKIKABWA AU AKIMEZA

Mtoto akikabwa na kitu na bado anakohoa kwa nguvu au analia, mwache akohoe. Asipoweza kulia, kukohoa wala kupumua, usingoje. Ita watu. Kama hajatimiza mwaka 1, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikielekea chini. Mpige kwa kiganja mara 5 mgongoni, katikati ya mabega. Kitu kisipotoka, mgeuze, umbonyeze kifuani kwa vidole viwili mara 5. Rudia. Kama amezidi mwaka 1, mwinamishe umpige mgongoni mara 5. Kisipotoka, simama nyuma yake, zungusha mikono, na ubonyeze tumbo juu ya kitovu kwa kuvuta ndani na juu mara 5. Rudia. Usitie kidole kooni kutafuta kitu usichokiona, maana utakisukuma ndani zaidi.

Mtoto akimeza betri, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Usingoje aonyeshe maumivu. Wengine mwanzoni huonekana wazima, au hukohoa tu, hutokwa mate, au hukataa chakula. Usimtapishe. Usimpe maji wala chakula. Zahanati inaweza isiwe na mashine ya eksirei, kwa hiyo nenda hospitali yenye mashine hiyo, na mweleze mganga waziwazi: "Mtoto amemeza betri." Kama unayo betri nyingine kama ile, ichukue umwonyeshe. Sumaku nayo ni vivyo hivyo: nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Liko jambo moja linaloweza kusaidia njiani, nalo ni asali. Misitu ya Kibondo na Kasulu ina nyuki, na nyumba nyingi zina asali. Madaktari wanaoshughulikia watoto waliomeza betri wanashauri hivi: kama mtoto amezidi mwaka 1, anaweza kumeza, na hazijapita saa 12 tangu ameze betri, mpe vijiko 2 vya chai vya asali kila dakika 10, isizidi mara 6, huku mko njiani. Asali hulinda koo kidogo. Haitoi betri. Usichelewe kuondoka kwa ajili ya kutafuta asali. Na mtoto wa chini ya mwaka 1 asipewe asali kabisa, maana inaweza kumdhuru.

UKIKUTA HATARI, FANYA NINI?

Tuseme umekuta kwamba mfuniko wa betri wa simu ile ya gulioni haufungi. Betri imedondoka sakafuni. Kwa bahati umeiona kabla ya mtoto. Watu wengi hapa hutupa kichezeo shimoni na kunyamaza. Wengine humpa jirani. Yote mawili si sawa. Ukikitupa, mtoto mwingine atakiokota. Ukinyamaza, mchuuzi ataendelea kuviuza vingine 50 vya namna ile ile bila kujua.

Kwanza, mwondolee mtoto kichezeo. Kitie katika mfuko na ukifunge. Kiweke juu, mahali asipofika. Usikiharibu, maana ni ushahidi.

Pili, rudi kwa aliyekuuzia. Zungumza naye kwa heshima, kwa sababu huenda hata yeye hajui. Mazungumzo yanaweza kuwa hivi:

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Ahsante. Wiki iliyopita nilinunua simu hii ya mtoto kwako. Tazama hapa. Mfuniko haufungi, na betri inatoka. Mtoto akiimeza, itamuunguza koo."

"Mimi nilinunua zikiwa katika katoni, mwanangu. Sikuzifungua."

"Najua, baba, sikulaumu. Naomba unirudishie fedha yangu. Tena naomba zilizobaki usiziuze kwanza. Katoni ile ina namba?"

Swali hilo la mwisho ndilo kubwa. Namba ya katoni ikijulikana, wakubwa wanaweza kufuata nyayo za bidhaa hiyo hadi kwa mfanyabiashara aliyeiingiza nchini.

Tatu, toa habari. Serikali ilianzisha Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS, kwa sheria ya mwaka 1975. Sasa shirika hilo linafanya kazi kwa Sheria ya Viwango ya mwaka 2009. Kazi yake ni kuweka viwango vya bidhaa na kuzikagua. Iko pia Tume ya Ushindani, yaani FCC, inayofanya kazi kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Sheria hiyo inamlinda mnunuzi. Inahusu pia usalama wa bidhaa na kurudishwa kwa bidhaa za hatari. Vyombo hivi haviwezi kuona kila turubai la kila gulio. Vinahitaji habari kutoka kwako.

Unaweza kuanzia kwa Ofisa Mtendaji wa Kijiji, na yeye apeleke habari kwa Ofisa Biashara wa Wilaya. Nenda na barua. Maneno ya mdomo husahauliwa, lakini barua hubaki. Huu hapa mfano:

Kijiji cha ....................
Tarehe ....................

Ofisa Mtendaji wa Kijiji,
Kijiji cha ....................

Ndugu,

YAH: KICHEZEO CHA HATARI

Tarehe .......... nilinunua kichezeo katika gulio la .......... Kichezeo hicho ni simu ya bandia, rangi yake ni .......... Kimeandikwa jina .......... na namba ..........

Mfuniko wa betri haufungi. Betri ndogo ya duara ilidondoka. Hakuna mtoto aliyeumia. Nimekihifadhi kichezeo hicho na niko tayari kukileta ofisini.

Naomba ofisi yako iwatangazie wanakijiji wakague vichezeo vya namna hiyo. Naomba pia habari hii ipelekwe kwa Ofisa Biashara wa Wilaya na kwa TBS.

Wako,
....................

Barua hii ni fupi, lakini ina mambo yote: kitu gani, kimetoka wapi, kina namba gani, kina hatari gani, na unaomba nini. Andika nakala mbili. Moja ipeleke, moja ibaki kwako.

KITU KISICHO NA DUKA

Mpaka sasa tumesema juu ya vitu vilivyonunuliwa. Lakini watoto wetu huchezea pia vitu wanavyoviokota mashambani, porini na njiani. Kati ya hivyo kimo kimoja ambacho hakina mwuzaji wala namba ya toleo.

Tarehe 8 Novemba 2017, mwanafunzi mmoja alifika na kitu cha chuma katika Shule ya Msingi Kihinga. Shule hiyo iko Wilaya ya Ngara, Mkoa wa Kagera, kaskazini ya kwetu. Habari zilizotolewa zilieleza kuwa alidhani ni chuma chakavu cha kuuza. Kumbe lilikuwa bomu la kutupa kwa mkono. Lilipasuka shuleni. Watoto 5 walikufa. Zaidi ya 40 waliumia.

Ngara, Kibondo na Kasulu zote ziko upande wa Burundi. Nchi hiyo jirani ilipata vita kwa miaka mingi. Vita huisha, lakini silaha zake huweza kubaki ardhini zikiwa na kutu, kama kipande cha chuma kisicho na kazi. Mtoto anayeokota vyuma chakavu ili apate fedha ya daftari hawezi kujua tofauti.

Hiki ndicho kitu pekee ambacho hupaswi kukirudisha kwa mkono wako. Mfundishe mtoto wako maneno manne: usiguse, usirushe, ondoka, sema. Akiona kitu cha chuma asichokijua, arudi kwa njia aliyojia, na amwambie mtu mzima. Mtu mzima asiende kukichukua. Awazuie watu wasipite pale, na atoe habari polisi au kwa Mtendaji wa Kijiji. Usimgombeze mtoto aliyeleta habari. Mtoto aliyegombezwa leo, kesho atanyamaza.

MWISHO

Ndugu msomaji, kurudisha bidhaa ya hatari si kazi ya wazungu wala ya watu wa mjini. Mwanzo wake mara nyingi ni mzazi mmoja aliyeona kosa na kulisema. Wewe sasa unasoma jina la kiwanda. Unasoma namba. Unaandika barua. Kichezeo kikikosea nyumbani kwako, habari yake inaweza kutoka kijijini, ikafika wilayani, ikafika Dar es Salaam, na kumwokoa mtoto wa mtu ambaye hutamwona maisha yako yote.

Leo ukirudi nyumbani, kusanya vichezeo vyote vya watoto. Tafuta kizibo cha soda. Anza kukagua.

MANENO YA KUKUMBUKA

Kichezeo: kitu cha kuchezea mtoto.
Toleo: vitu vilivyotengenezwa pamoja kiwandani na kupewa namba moja.
Kurudisha bidhaa: kuondoa bidhaa ya hatari madukani na majumbani.
Ushahidi: kitu kinachoonyesha kwamba jambo ni la kweli.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini kosa la kiwanda ni kubwa kuliko kosa la seremala mmoja?
2. Kwa nini tangazo la kurudisha bidhaa huchelewa kufika kijijini kwetu? Sisi tufanye nini?
3. Taja hatari tano za vichezeo. Ipi umeiona nyumbani kwako?
4. Mtoto wa miaka 2 amemeza betri ya saa. Eleza utafanya nini tangu mwanzo hadi mwisho. Kama mtoto ana miezi 8, nini kitabadilika?
5. Kwa nini si vizuri kukitupa kichezeo cha hatari na kunyamaza?

KAZI YA KUFANYA

Kila mwanadarasa alete kichezeo kimoja siku ya somo lijalo. Kaeni watu wanne wanne. Vuteni, sugueni, fungueni, someni. Pimeni kwa kizibo cha soda. Kisha andikeni barua kuhusu kichezeo kimoja mlichokikuta na hatari. Mwalimu aisahihishe, nanyi mwipeleke barua hiyo kwa Mtendaji wa Kijiji.